Madigadi za Gari la Baba

Mtaa wa Mchikichi,
Kariakoo,
Dar es Salaam.
Jumapili, baada ya misa

Kwa kaka yangu Kasmir,

Shikamoo kaka. Kwanza niambie, kile kifua kimepona? Mara ya mwisho tulipoongea ulikuwa unakohoa kila baada ya neno, na simu ilipokatika Mama akasema baridi ya Mbeya itamrudishia mwanawe akiwa mkavu kama kauzu. Vaa sweta, tafadhali. Sisi huku tu wazima wa kutembea na kula. Mama anakusalimia, bado yuko Mtaa wa Kongo na vitambaa vyake, na bado anagombana na jirani yake kuhusu mwavuli wa nani unaingia upande wa nani. Rajabu wa gereji ya pili naye anakusalimia sana. Anasema usisahau kwamba ni yeye aliyekufundisha kuendesha baiskeli, kwa hiyo kwenye hiyo shahada na yeye ana kipande chake.

Najua umeshangaa kupata karatasi, tena imeletwa na kondakta wa basi kama furushi la dagaa. Utajiuliza kwa nini sikutuma ujumbe au sikupiga. Simu ya nyumbani unaijua. Ikilia tu, Mama anaweka sauti ya nje, na kila aliyemo ndani anakuwa kwenye mazungumzo, hata mgeni aliyekuja kuomba chumvi. Na mimi unanijua vilevile. Mbele ya watu maneno yangu yanaishia kooni. Kwenye karatasi angalau hakuna anayenitazama.

Habari kubwa ni gari. Kaka, limetembea! Ulipoondoka ilikuwa ni chesisi tu ya ile pikapu kuukuu, imekaa juu ya matofali pale kwenye karakana ya Baba mtaa wa Gerezani, na kuku wa mama ntilie wanataga ndani yake. Sasa lina bodi, lina viti vinne, lina rangi ya kijani ambayo Baba aliichanganya mwenyewe na hataweza kuipata tena hata akijaribu. Na lina zile madigadi, mabati ya kukinga tope la tairi. Unakumbuka alivyokuwa akitusimulia, lile gari la daktari mmoja wa Upanga aliloliona akiwa mtoto? Madigadi zimesimama zenyewe juu ya kila tairi la mbele, hazikushikana na bodi, na tairi likikata kona nazo zinakata kona pamoja nalo. Baba alisema gari lake likizikosa hizo basi litakuwa pikapu iliyovaa nguo za kuazima.

Na anataka kuja nalo Mbeya, kwenye mahafali yako ya Desemba. Hajakuambia kwa sababu alitaka utoke nje na joho lako umkute ameegemea boneti kama tajiri. Nimeiharibu siri hiyo, nisamehe. Ukisoma mpaka mwisho utaona kwa nini ilibidi.

Safari ya kwanza tulikwenda Mnazi Mmoja na kurudi. Watu walipiga picha, vijana wakapiga miluzi, mimi nikajikunja kwenye kiti hadi Baba akaniuliza kama nimedondosha kitu. Ilikwenda vizuri. Safari ya pili akasema tukalijaribu kwenye barabara mbaya, tukaenda upande wa bandarini, kule malori ya makontena yalikoitafuna lami. Hapo madigadi ya upande wangu ikaanza kutetemeka. Nilikuwa naitazama; ukingo wake haukuonekana tena kama ukingo, ulikuwa kama ukungu. Halafu ikalia kaa! mkono unaoishika ukakatika, madigadi ikaangukia tairi, na tairi likaivuta chini. Gari likageuza kichwa peke yake. Baba alipambana na usukani tukasimama pua iko juu ya mtaro. Dereva wa lori aliyekuwa nyuma yetu alishuka mbio akidhani tumekufa. Alipotukuta tumekaa wazima, akalizunguka gari mara moja, akamuuliza Baba kama hiki ni chombo cha moto au ni fenicha.

Baba alicheka. Mimi sikucheka. Nilikuwa naifikiria Kitonga. Mlima ule wa njiani kuja Mbeya, kona zile, malori yanashuka, na mkono ule unakatika pale.

Dawa ya mafundi wote wa Gerezani unaijua: kitu kikivunjika, ongeza unene. Baba akatengeneza mkono mwingine wa bapa la chuma nene, akauchomelea, tukarudi barabara ileile. Ukakatika tena, safari hii pembeni kidogo ya mshono. Akaongeza unene. Ukakatika. Rajabu akaanza kuliita gari la mzee Beno bibi harusi, maana kila likitoka nje linavua kitu. Kila tulipopita anapiga kelele, "Baba Kasmir, leo linarudi na nguo ngapi?" Baba anamjibu kwamba yeye magari anayotengeneza yanarudi yenyewe kumshitaki.

Sasa kuna jambo nilikuwa nimelijua na nilichelewa kulisema, kwa ajili ya aibu yangu hii. Shuleni tuna mwalimu wa fizikia, Madam Nour. Siku moja alikuja na hanga ya nguo ya waya, akaikunja huku na huku, huku na huku, bila kutumia nguvu, akiwa anaongea nasi habari nyingine kabisa, mpaka ikakatika mkononi mwake. Akasema waya huu haukupigwa na haukubebeshwa mzigo. Umechoka. Chuma kikitikiswa kidogokidogo mara nyingi kinachoka, na kinaanza kuchanika pale palipo na kona kali, au mkwaruzo, au palipochomelewa. Akasema pia kwamba kila kitu kina mtikisiko wake kinachoupenda. Ukiufikia, kinacheza chenyewe. Nikakumbuka kwamba madigadi haikuwa inatetemeka sana tukienda polepole, wala tukikimbia. Ilikuwa ni kwenye mwendo wa katikati, pale Baba anapotoka gia ya pili kwenda ya tatu.

Nilimwambia Baba huku natazama vidole vyangu vya miguu. Masomo yetu ni ya Kiingereza, na mimi njiani kutoka shule nimezoea kuyageuza kichwani. Baba akalifanya hilo kuwa mchezo wetu. Nikija karakanani ananiambia nianze na ya Kizungu, asikie shule inavyolia, halafu ndiyo nimpe ya Kiswahili, asikie binti yake. Mafundi wengine wakasikia, wakaanza kuniita Injinia, tena kwa sauti ya kutoka barabara ya pili. Wiki nzima nilipita njia ya nyuma.

Lakini alinisikiliza, kaka. Alikaa chini na mkono uliokatika, akaupapasa pale ulipochanika, akasema kumbe muda wote huu nimekuwa nakipa mzigo kilichochoka. Kwa sababu madigadi hizi zimekaa na tairi lenyewe. Springi na shokapu ziko juu yake, hazizisaidii madigadi kitu. Kila shimo la barabara linazipata zenyewe kwanza. Na ukiongeza unene unaongeza uzito, na uzito ukitikiswa unavuta zaidi.

Basi tukaanza upya. Mimi nilisema tukate madigadi kwenye lile pipa la plastiki la bluu, litakuwa jepesi. Baba alinitazama kama niliyemtukana babu yake. Alisema gari la plastiki ni toroli la mtoto. Tukapatana kwenye bati jembamba, tukalikunja ukingo ili lisilegee. Badala ya bapa tukaweka bomba. Badala ya mkono mmoja tukaweka miwili, imeachana kwa chini na kukutana juu kama miguu ya mtu aliyesimama imara. Kati ya mikono na bati tukaweka bushi za raba, na chini ya kila nati washa pana, zile pete bapa za chuma, ili bolti isilibane bati mahali pamoja. Tundu zote nilizisugua kwa tupa, na kila alama ya grenda niliifuta kwa msasa mpaka bomba likawa laini kama kijiko. Na sehemu za kuchomelea tukazisogeza mbali na mkunjo. Rajabu alikuja kuangalia, akasema hiyo madigadi sasa ina godoro kuliko kitanda chake.

Baba alichomelea, kama kawaida, na miwani yake nyeusi. Unajua hajawahi kuvaa barakoa ya fundi. Anasema inampa joto.

Kabla ya kupaka rangi nikataka kupima kama Madam alivyotuonyesha. Unapaka mafuta ya taa kwenye mshono, unayaacha yaingie, unafuta hadi pakauke, halafu unapaka unga wa chaki. Kama kuna ufa, mafuta yaliyojificha humo yanatoka yanailowesha chaki, na unaona mstari. Ilikuwa Jumamosi asubuhi, Baba amekwenda kunywa chai. Nilipaka mkono wa kwanza. Mstari ukatokea, mrefu, mweusi. Nikapaka wa pili, vilevile. Nikainama nikatazama vizuri.

Kaka, haukuwa ufa. Mshono haukuwa kwenye kiungo. Ulikuwa umepita pembeni, mzuri kabisa, sawasawa, umenyooka kama kawaida yake, lakini pembeni. Kama fundi cherehani aliyeshona vizuri sana nje ya kitambaa. Bomba na kipande chake zilikuwa zimeshikana kwa ncha tu.

Nilikaa chini pale pale. Na vitu vyote vikaanza kuja, kama vile vilikuwa vimepanga foleni vinanisubiri. Kwamba siku hizi Baba hasalimii mtu mpaka mtu aongee. Kwamba akishika nati anaitafuta nyingine kwa kiganja, kwa kupapasa meza yote. Kwamba siku ile ya Mnazi Mmoja mkokoteni ulitoka pembeni, mimi nikapiga kelele, naye akafunga breki halafu akauliza, uko wapi? Mimi nilidhani anatania. Na ile mikono ya mwanzo iliyokatika, ni kweli ilichoka, lakini nadhani na yenyewe ilikuwa imeanza safari ikiwa imeshikwa nusu.

Niliifuta chaki. Siku ile sikusema kitu, wala kesho yake. Niliosha vyombo, nikaenda shule, nikarudi. Mama aliniuliza kama nina homa. Kila nikitaka kusema naona ninamvua Baba nguo mbele za watu, na huku yeye anazidi kuongea habari za Mbeya: atakavyojaza mafuta Chalinze, atakavyolala Iringa, atakavyokupigia honi.

Jumamosi iliyofuata tulikuwa wawili tu. Anajiandaa kufunga madigadi. Nikajaribu kusema kwa Kiswahili, mdomo ukakataa. Kumwambia mzazi wako haoni, kwa lugha ileile uliyofundishwa nayo kumwamkia, niliona ni kama kumtupia mchanga. Kwa hiyo nikamwambia kwa Kiingereza. Kwa Kiingereza ilikuwa kama sentensi ya kitabuni, haina mwenyewe. Nilimwambia kwamba mshono umekosa kiungo, na kwamba nadhani macho yake yanaumwa.

Akaendelea kuipangusa spana. Nilidhani hakuelewa, na nusu yangu ikafurahi. Kisha akaweka spana chini, taratibu, akaniambia haya, na ya Kiswahili, kama tulivyozoea.

Nikasema. "Baba, huoni vizuri. Nakuomba usituendeshe kwenda Mbeya." Nikaanza kulia kama mtoto wa chekechea.

Akaniuliza nani mwingine ameuona ule mshono. Nikasema mimi peke yangu. Akasema basi, kama nimeuona mimi imetosha. Akanivuta karibu, mikono yake inanuka grisi na sabuni ya unga, akaniambia kwamba amejua muda mrefu. Anaona katikati tu, kama mtu anayechungulia kwenye bomba, na hilo bomba linazidi kuwa jembamba. Amekuwa anachomelea kwa kusikiliza. Mshono mzuri unalia kama vitumbua vinavyokaangwa, na masikio yake hayajawahi kumdanganya mpaka sasa. Akasema hakutaka kwenda hospitali kwa sababu angeambiwa asiendeshe, na yeye alikuwa anaomba kitu kimoja tu, akuone wewe na joho lako kabla bomba halijafunga. Baada ya hapo, alisema, lifunge tu.

Nilimwambia hivyo ndivyo atakavyokufa Kitonga na asikuone kabisa. Sijui nguvu ile nilitoa wapi. Alinitazama, nadhani alinitazama, akasema binti huyu leo amekula nini.

Jumatatu nilimsindikiza kliniki ya macho. Mama alikuja pia. Kumbe naye alikuwa anajua kipande chake, na kila mmoja alikuwa anamficha mwenzake kile ambacho wote tulikuwa tunakijua. Daktari alisema ni presha ya macho. Kilichopotea hakirudi. Kilichobaki kinaweza kulindwa kwa dawa ya matone, asubuhi na jioni, bila kuruka. Kuendesha gari, basi. Baba aliuliza swali moja tu, kama dawa hiyo itamfikisha Desemba. Daktari akacheka kidogo, kwa upole, akasema akiweka matone yake kila siku, zipo Desemba nyingi mbele. Baba alitoka pale, na tulipofika nje akamwambia Mama amshike mkono, kwa sababu ya ngazi. Sijawahi kumsikia akiomba hivyo. Mama alimshika kama wanaokwenda harusini.

Mikono ya madigadi niliikata nikaichomelea upya mimi. Baba alininunulia barakoa, akakataa kabisa nitumie miwani. Anasimama nyuma yangu, ameinamisha kichwa, anasikiliza. Ananiambia taratibu. Ananiambia umekwenda mbali, rudi. Ananiambia sasa, sasa, hapo hapo, na kweli nikitazama ndipo penyewe. Mafundi walikuja wakasimama kutuangalia, na mimi kwa mara ya kwanza sikuona aibu, kwa sababu ndani ya barakoa huwezi kuona mtu. Tukapima kwa chaki, hakuna mstari. Rajabu akaliendesha gari mpaka bandarini na kurudi, mimi nikiwa pembeni naitazama madigadi. Ilitikisika kidogo, kwa adabu. Tukaenda tena na tena, tukapima tena. Bado nitaendelea kupima kila Jumamosi mpaka siku ya safari, kwa sababu chuma hakisemi kinapoanza kuchoka.

Kwa hiyo tunakuja, kaka. Rajabu ndiye dereva. Baba atakaa mbele pembeni yake, na nina hakika watagombana mpaka Iringa. Mama anasema atapanda kwa sharti la kuushikilia mlango kwa mkono wake mwenyewe.

Sasa ninalotaka kukiri ni hili. Baba alinikataza nisikwambie. Alisema ukijua utaacha kila kitu upande basi, urudi kushika karakana, na yeye hakukusomesha ili uje kushika grenda. Niliitikia ndiyo Baba, na barua hii niliianza siku ileile. Ni mara ya kwanza kumkaidi. Lakini nakuomba umtii katika lile alilotaka: usirudi kabla. Maliza. Karakana nipo, na Baba yupo na masikio yake.

Nimekwambia kwa sababu nimeifikiria siku yenyewe. Mtatoka wengi, wote mmevaa joho moja, wote mna kofia moja, na uwanja mzima watu wanapunga mikono. Wewe utamwona Baba kutoka mbali, utapunga, naye atakuwa anatazama mahali pengine huku anatabasamu, kwa sababu hatakuwa anajua upo wapi. Utadhani hakufurahi. Au utamjia kwa pembeni umkumbatie ghafla, ashituke, na watu wacheke, na yeye ajisikie vibaya siku aliyoisubiri hivi.

Kwa hiyo, kaka, usipunge. Pita watu wote, njoo mbele yake moja kwa moja, karibu kabisa, usimame. Mwamkie kwa sauti kabla hujamgusa. Kisha tulia, usiongee, usicheke, hata kama wenzako wanakuita mpige picha. Mwache akutazame kuanzia kofia mpaka viatu, kipande kwa kipande, maana kwa mara moja hawezi kukupata wote. Mwache amalize.

Mama nimemwambia nimekutumia dagaa; akikuuliza kwenye simu kama umepata mzigo, sema umepata, na mwambie ni watamu. Nisalimie wenzako wa chumbani, na yule mama anayekupikia ugali wa dona mwambie tunamshukuru. Mungu akulinde na mitihani iliyobaki, na hiyo baridi.

Mdogo wako akupendaye,
Severa Beno